Hii ya kijani ni ya nani? Siku zangu nne Diani na usiku mbili za kasino

Mie ni mtu wa Tanga, nina duka la spea za pikipiki huku Ngamiani, na kamari nilikuwa naijua kwa mikeka ya mpira ya buku buku na yale madubwi ya vibandani, zile mashine za kamari, ambayo vijana wa bodaboda wanaacha hesabu ya bosi humo. Kwahiyo sijifanyi malaika. Ila kasino yenyewe, ya zulia na meza na dila, yule anayeendesha meza, kavaa kizibao, nimeingia mara mbili tu maishani, Jumatano usiku na Alhamisi usiku, tena hiyo ya pili ni usiku wa kuamkia Ijumaa, najua, bi mkubwa, yaani mama yangu, mpaka leo hajaambiwa na naomba asiambiwe.

Ilikuwa Juni 2024. Tulikuwa tunatimiza miaka kumi ya ndoa na mama watoto akasema kila mwaka tunaahidiana kutoka halafu hela inaishia kwenye mzigo wa dukani, safari hii tunaenda, na tunaenda Diani, pwani ya Kenya, kwasababu ni karibu, unapanda basi Tanga asubuhi, unagonga pasi Horohoro, unaingia Lungalunga, wanakushusha pale njia panda ya Ukunda, tuktuk mpaka hotelini, wala hufiki feri ya Likoni. Na Juni bei ziko chini maana ni kusi, upepo mkali, mwani umejaa ufukweni unanuka, wazungu wachache. Tukaomba bei ya wakazi wa Afrika Mashariki (waombe hiyo jamani, usipouliza unaweza kupigwa bei ya mgeni wa mbali) tukapata siku nne, chai na chakula cha usiku ndani. Mama watoto ni mweka hazina wa kikoba chao, mahesabu yote yalikuwa kwenye daftari lake: hoteli, nauli, zawadi za watoto, na mstari mmoja kauwekea nyota, WASINI. Alikuwa anaitaka hiyo boti ya kwenda hifadhi ya bahari ya Kisite na kisiwa cha Wasini toka tunachumbiana, tupige mbizi tuone samaki, tule kaa, twende kwenye yale matumbawe makavu ambayo kina mama wa kisiwani wamejenga daraja la mbao unapita juu. Mjini Ukunda tukapatana na kijana wa boti, 14,000 za Kenya kwa wote wawili, tukatoa 3,000 ya kishika nafasi, ikabaki 11,000 nikaiweka mimi kwenye bahasha. Kumbukeni hiyo bahasha.

Kuna jambo moja dogo sana ambalo naona ndo lilinimaliza na sijawahi kusikia mtu akilisema. Hela ya Kenya. Wakati ule shilingi moja yao ilikuwa kama ishirini zetu. Sasa mtu umezoea kwamba mia tano ni hela ya kumpa mtoto anunue barafu, ubongo unajua hivyo toka utoto, unavuka mpaka unaambiwa soda mia, chai mia na hamsini, unaona raha, kila kitu kinaonekana rahisi. Ukiweka mia tano mezani roho haishtuki kabisa. Kumbe umeweka elfu kumi. Na kasino inakupa tafsiri ya pili juu ya hiyo, maana mezani huchezi na noti, unachezea chipsi. Siyo za kula, vile vidude vya mviringo. Unampa dila noti yako, anaitandaza pale ionekane na kamera, anakusukumia rundo la rangi yako, halafu noti anaisukuma kwa kipande cha plastiki ndani ya tundu jembamba kwenye meza, inazama tu, hiyo sauti huisikii tena. Kwenye rouleti, ule mchezo wa gurudumu la namba na kampira, kila mchezaji ana rangi yake ili msigombane, mie nilipewa ya zambarau. Kwahiyo kutoka jasho langu la Ngamiani mpaka pale mezani kulikuwa na hatua mbili za kusahau, shilingi ya Tanzania imekuwa ya Kenya, ya Kenya imekuwa kidude cha zambarau.

Tuliendaje sasa. Jumatano mapokezi walitupa karatasi, kasino jirani inakuja kukuchukua kwa gari bure na kukurudisha bure, na mle ndani vinywaji na vitafunwa bure kwa anayecheza. Mama watoto akasema twende tukaone, tukikaa hapa tutasikiliza upepo tu. Tukavaa vizuri, mlangoni wakachukua pasi zetu wakatuandikisha, wakatupiga picha, tukaingia. Baridi ya AC, hakuna dirisha, nilizungusha macho ukuta mzima sikuona saa. Mashine zinaimba kila kona. Yeye akachukua soda na sahani ya sambusa akakaa pembeni yangu na daftari lake, mie nikabadilisha 2,000.

Basi nikawa nacheza nyekundu na nyeusi, naweka mia mbili, mia tatu, napata nakosa napata. Mama watoto alikuwa anaangalia lile gurudumu kwa makini kama anakagua vitabu vya kikoba, mara akauliza kwa sauti yake ile ya kikao, "Samahani kaka, nyekundu nimehesabu 18, nyeusi 18. Hii sifuri ya kijani ni ya nani?" Dila akatabasamu, "Hiyo ni ya nyumba, mama." Akauliza tena, "Nyumba ya nani?" Kumbe nyumba kwao ni kasino yenyewe. Meza nzima ikacheka, hadi yule msimamizi wa suti nyuma yake. Na mie nikacheka kuliko wote, maana hata sikusikia alichouliza, kampira kalikuwa kanazunguka na nilikuwa nimeweka chipsi za 300 juu ya 23, siku aliyozaliwa binti yetu. Kakaruka ruka kakalala kwenye 23.

Jamani. Namba moja inalipa 35 kwa 1. Dila akaweka kale kamnara kadogo ka kioo juu ya 23, akafagia chipsi za wengine zote, akajenga minara ya zambarau akanisukumia, 10,500 juu ya zangu. Mzee mmoja pembeni akanigonga bega. Nikaendelea kidogo na nyekundu zikakubali, tukaondoka na 16,400. Faida 14,400, ndani ya saa moja na nusu, yaani kama laki mbili na themanini na nane zetu. Kwenye gari la kurudi nilikaa mbele na dereva, napiga stori utadhani tumekua pamoja, nikampa mia mbili. Mama watoto nyuma anacheka anasema hiyo hela tukirudi tunanunua friji la juisi la dukani. Akaiandika kabisa kwenye daftari.

Watu wakisikia hii stori huwa wanadhani kosa langu lilikuwa usiku wa pili. Mie nasema likizo yangu iliisha pale kwenye 23. Ningeliwa zile 2,000 Jumatano tungesema haya, tumeona kasino, tukalala. Alhamisi nzima sikuwa Diani. Asubuhi kima kaingia barazani kwetu akachukua mkate mkononi mwa mama watoto, amekaa juu ya ukuta anaula anatuangalia, watu wote wanakufa kwa kucheka, mie niko na simu naangalia video ya mtu anafundisha mbinu ya kudabo. Tulitembea barabarani, kuna ngazi za kamba wamezining'iniza juu ya lami ili mbega wavuke wasigongwe na magari, mama watoto akasimama pale chini dakika ishirini anasubiri mbega avuke, na akavuka kweli, mama na mtoto kifuani, akaja kunisimulia maana nilikuwa nimeshatangulia nimekaa chini ya mvinje napiga hesabu nyuma ya risiti. Jioni akaenda kuona ule msikiti wa kale wa Kongo pale mto unapoingilia baharini, nikamwambia miguu inauma nenda tu. Miguu haikuwa inauma.

Mbinu yenyewe ya kudabo kwa asiyeijua ni hivi, unaweka 200 nyekundu, ukikosa unaweka 400, ukikosa 800, 1,600, 3,200, 6,400, siku ikija nyekundu unarudisha zote ulizopoteza pamoja na faida ya 200. Unaanza upya. Kwenye karatasi haina kosa, maana nyekundu itakuja tu, si ndio? Nikachukua zile 16,400 nikaongezea 3,600 yangu zikawa 20,000 kamili, nikamwambia mama watoto naenda saa moja tu. Akasema yeye amechoka, akaniangalia kidogo, akasema, "Baba watoto, hela ya Wasini iache basi." Nikasema ipo kwenye suruali, haitoki. Na ilikuwa kwenye suruali kweli, ile ile niliyovaa.

Saa mbili nzima mbinu ikafanya kazi. Mia mbili, mia mbili, mia mbili. Nilishinda mara 17, yaani 3,400, nikaanza kuwahurumia wenzangu wanaobahatisha namba. Halafu ikaja nyeusi. Nyeusi tena. Nyeusi. Kijani, ile sifuri ya mama watoto. Nyeusi. Nyeusi. Sita hizo, 12,600 imeondoka, na sasa inabidi niweke 12,800. Nahesabu chipsi nakuta nina 10,800. Na hata ningekuwa nazo, pale pembeni ya meza kuna kibao kidogo ambacho nilikiona toka Jumatano sikukisoma, kwenye nyekundu na nyeusi mwisho ni 10,000. Nikaweka 10,000. Mikono ilikuwa imelowa mpaka chipsi zinanata. Dila akasema yale maneno yao ya Kizungu kwamba hakuna kuweka tena, akapitisha kiganja juu ya meza. 29. Nyeusi.

Nina mdogo wangu anafundisha hesabu sekondari, nilikuja kumwambia baadaye sana, akacheka halafu akaniandikia kwenye karatasi. Kila mzunguko una nafasi 37, nyekundu ni 18, zilizobaki 19 zinakula. Kukosa mara sita mfululizo sio muujiza, katika kila majaribio kama 55 hivi moja linakufa. Kwahiyo unashinda mara 53 au 54 za mia mbili mbili, unakusanya kama 10,700, halafu hiyo moja inakuja inabeba 12,600. Na hiyo mia mbili ndo yote unayopata, haiongezeki. Kile kibao cha mwisho 10,000 hakikuwekwa pale kwa bahati mbaya, kimewekwa kwa ajili ya watu walioangalia video kama mimi. Akaniambia na habari ya kasino ya Monte Carlo, huko Ulaya, tarehe 18 Agosti 1913, nyeusi ilitoka mara 26 mfululizo, na matajiri wa pale walizidi kumwaga hela kwenye nyekundu kila ikizidi kutoka nyeusi, wakidhani nyekundu sasa ina deni. Kampira hakana daftari, alisema, daftari analo shemeji.

Na hiyo sifuri sasa. Nafasi moja katika 37 ni kama asilimia 2.7, unaona ndogo. Lakini haikatwi kwenye hela uliyokuja nayo, inakatwa kwenye kila unachoweka, tena na tena. Ukiweka 500 kila mara na gurudumu likazungushwa mara 35 kwa saa umepitisha 17,500 mezani, na katika hiyo nyumba kwa wastani inabaki na kama 470. Ni kodi ya kiti. Mtu anayeijua hivyo anaweza kwenda akakaa saa moja akalipa kodi yake akala sambusa akaondoka, wapo, niliwaona wazee wa Kihindi wawili wanacheza vidogo vidogo wanapiga soga, naamini hao kasino wanaichukulia kama mie ninavyochukulia kijiwe cha kahawa.

Turudi pale. Zimebaki 800 na saa sijui ngapi. Kuna mashine ya ATM, nikatoa 20,000. Na hapa ndo pananiuma kuliko kote. Simu ikatetemeka mfukoni, meseji ya benki yangu ya nyumbani, na benki yangu haijui shilingi ya Kenya wala chipsi za zambarau, imeandika kwa hela yetu: umetoa TSh laki nne na elfu sita na ushee, salio lako ni kadhaa. Laki nne! Nikaona kabisa duka langu, nikaona katoni za tairi, nikaona yule kijana wangu wa dukani ambaye mshahara wake wa mwezi haufiki hapo. Ubongo ukaamka, wallahi uliamka, ningesema sasa kwamba nilitoka nje nikapanda gari. Nilichofanya ni kugeuza simu uso chini nikaiweka kwenye kona ya meza.

Sitaki kuwachosha na yaliyofuata maana mtu anayekimbiza hela hachezi tena, anatupa. Rouleti ikala kadhaa. Nikahamia karata za ishirini na moja, nako nikajifunza kitu kimoja kwamba wewe unacheza kwanza, ukipitiliza 21 chipsi zako zinachukuliwa palepale, halafu dila naye akija kupitiliza baadaye haikuhusu, ushaliwa. Nilikaa pale nikijiona mjanja nahesabu pointi wakati mchezo wenyewe umeshapangwa nani afe kwanza. Za mwisho mwisho nikamalizia kwenye mashine, dubwi lile lile la Ngamiani limevaa taa tu. Bahasha ya Wasini niliifungua nikiwa nimesimama, 11,000, nikijiambia natumia elfu mbili tu za kurudishia.

Nilitoka saa tisa na nusu usiku, nilijua baada ya kuuliza. Gari ni lile lile na dereva yule yule. Nikafungua mlango wa nyuma nikakaa. Tumeenda kimya mpaka karibu na hoteli, ndo akasema taratibu, "Pole, bwana mkubwa." Nikamuuliza umejuaje. Akasema, "Aliyepata hukaa mbele. Aliyeliwa hukaa nyuma. Na wengi wa nyuma jana yake walikuwa mbele."

Mama watoto alikuwa macho. Nilimwambia yote palepale mlangoni kabla sijavua viatu, nilijua nikilala na uongo asubuhi utakuwa umeota mizizi. Hakupiga kelele. Aliuliza maswali kama mkaguzi: ulianza na ngapi yetu, ATM ngapi, bahasha yote? Akawasha taa akaandika. Elfu mbili za Jumatano, elfu tatu na mia sita, ishirini elfu, kumi na moja elfu. 36,600. Akazidisha mara ishirini, laki saba na thelathini na mbili elfu. Akafuta mstari wa friji la juisi kwa rula, jamani kwa rula, saa kumi usiku. Wasini hakuufuta. Akazima taa.

Siku iliyobaki ilikuwa nzuri kuliko zote na hilo linanichanganya hadi leo. Hatukuwa na hela ya kitu chochote zaidi ya nauli. Kijana wa boti tulimpigia tukamwambia tumekwama, 3,000 hakurudisha na sikumlaumu. Tukashinda ufukweni maji yakiwa yamekupwa, tukatembea kwenye miamba kuangalia visamaki vya kwenye vidimbwi, tukanunua viazi karai vya hamsini, nikamwona mbega wangu hatimaye. Jioni gari la kasino likapita kuchukua watu mapokezi na kijana mmoja mgeni, nadhani wa Nairobi, akatoka anapiga mluzi, akafungua mlango wa mbele. Nilitaka kumwita. Mama watoto akanishika mkono akasema huyo muache, na wewe ungeitwa jana ungegeuka?

Sasa wanaoniuliza inbox eti tunaenda pwani tupite kasino au tusipite, mie sio sheikh, siwezi kukufungia mlango. Nitakachosema ni usiende usiku wa kwanza. Nenda usiku wa mwisho, ambapo kesho yake kuna basi, ili hata ukishinda huna pa kurudi. Kadi ya benki iache kwenye sefu ya hoteli na namba ya siri ya sefu aijue mwenzio peke yake. Beba hela ya chakula cha watu wawili na uiandike kwa shilingi ya nyumbani kwenye kiganja, kwa peni kabisa, utaonekana mjinga lakini kidude cha zambarau hakitakudanganya. Na mbinu ya kudabo wafundishe maadui zako.

Wasini tulikwenda mwaka uliofuata. Alilipa yeye, kwa mgao wa kikoba, mie nilibeba mabegi. Kaa alikuwa mtamu sana. Ila lile deni liko kwenye ukurasa wake peke yake kwenye daftari, limeandikwa kichwa BABA WATOTO – KIJANI, nalipa elfu thelathini kila mwezi kama mwanachama mwingine yeyote, mwezi nikichelewa napigwa faini. Nimebakiza laki moja na arobaini na mbili. Juzi nilijaribu kumwambia hela ya Kenya ilivyopanda na kushuka toka siku ile, labda tupige upya hesabu kwa bei ya leo, akaniuliza nani ananufaika na hiyo bei ya leo, mimi au nyumba.